Kiyoyozi Kilichopona Wakati wa Baridi

Mume wangu Sadoki, Baba Eliya, hajawahi kutupa kitu kwa sababu kimeharibika. Viatu vyake vya kanisani vimeshonwa mpaka ngozi ya kwanza huioni. Kwa hiyo kiyoyozi kilipoanza kuvuja ukutani mwa chumba chetu hapa Themi, akakataa kununua kingine, watu walisema ni ubahili wake ule ule. Haukuwa ubahili.

Kiyoyozi alikileta Eliya, kitinda mimba wetu, baba yake alipoanza kubanwa kifua. Daktari alisema tufunge madirisha vumbi la barabara lisiingie, na jua la Januari tunalijua. Baadaye huyo huyo Eliya akang'oa mibuni yote ya shamba letu la mlimani, akapanda maparachichi. Hakumuuliza baba yake. Mibuni ile Sadoki aliipanda na marehemu baba yake. Tangu hapo mzee hakutaka hata kusikia sauti ya mtoto kwenye simu.

Mwezi wa tano fundi Godwin akapanda ngazi, akakifungua, akaguna.

"Mzee, trei ya kukingia maji imepasuka. Naweza kuiziba kwa gundi, ila mkiwasha sana itaachia. Bora mnunue kipya."

Nikampigia Eliya. Akasema, "Mama, kipya nakuja kukifunga mwenyewe. Na nitabeba isale."

Sisi Wameru, mkosaji akikuletea jani la isale umeshikwa. Utasamehe tu, hata kama moyo unachemka. Na wewe uliyekosewa huliombi. Unaletewa.

Nikamweleza mzee yote, na isale nikalitaja. Akautazama ukuta ulivyolowa, kisha akamgeukia Godwin.

"Ziba."

"Mzee, itavuja tena."

"Umeitwa kuziba au kutabiri? Ziba!"

Ikaingia baridi ya mwezi wa sita, ile ya kulala na sweta. Nani atawasha kiyoyozi Arusha mwezi wa sita? Kikakaa kimya, ukuta ukakauka, na Baba Eliya akawa anampeleka kila mgeni chumbani kutazama.

"Walitaka nikitupe! Si mnaona kimepona?"

Jirani yetu Pudensiana akamwambia, "Shemeji, hata bati langu halivuji kiangazi."

Mzee hakucheka. Akaniagiza nimwambie Eliya asijisumbue. Nikasema vile vile nilivyotumwa, maana hata mimi si mtu wa kumbembeleza mtoto niliyemzaa.

Eliya akajibu, "Sawa, Mama. Isale nilishalikata. Acha likauke."

Mwezi wa kumi na moja joto likarudi, tukawasha. Chai haijapoa, maji yakashuka ukutani mpaka kwenye Biblia yake iliyokuwa mezani. Nilingoja agombe. Akaifuta Biblia kwa shati lake, taratibu.

"Mama Eliya, mpigie mwanao. Mwambie alete kipya."

Nilielewa anachotaka.

Eliya alikuja Jumamosi. Baba yake alikuwa amenyoa ndevu, amevaa koti la kanisani, amekaa sebuleni tangu asubuhi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umefika."

"Nimefika."

Akafunga kiyoyozi, akamwonyesha baba yake rimoti, akampa na risiti, akanywa loshoro, ule uji wetu wa mahindi na maziwa mgando, akaaga. Waliongea habari za kiyoyozi tu. Isale halikuwapo. Ningeweza kumvuta jikoni nikamwambia, mwanangu, baba yako anangoja. Nikajiambia haliombwi. Lakini aliyekosewa ni baba yake. Mimi mama nani angenikataza?

Geti lilipofungwa nikamkuta mzee chumbani, amepiga magoti mbele ya boksi tupu la kiyoyozi. Anatoa vipande vya povu kimoja kimoja, anachungulia chini.

"Unatafuta nini, Baba Eliya?"

"Risiti."

Risiti ilikuwa mfukoni mwa koti lake, ncha inaonekana. Nikapiga magoti na mimi, nikaingiza mkono kwenye boksi, tukatafuta.