SSD yangu mpya iliangukia tope la Oli ikiwa na harusi nzima ya Koboko ndani

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Leo nina la kwangu mwenyewe, wala si la kusimuliwa. Jina la kampuni silitaji kwa sababu hakuna aliyenituma, na pale ilipoboa nitasema imeboa.

Mimi ni dada wa kamera, naishi Arua. Kazi yangu kubwa ni harusi za Wanubi, hasa upande wa akina mama, maana kule ndani mwanaume na kamera yake hapiti.

Miaka yote nilitumia hard disk za kawaida, zile zenye sahani inayozunguka. Ukiigonga kidogo mezani, roho inakuruka. Nikasema inatosha, nikachukua external SSD ya rugged, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Ndogo kama kipande cha sabuni, ina ganda la mpira, na kwenye boksi wameandika inavumilia maji, vumbi na kuanguka.

Siku za kwanza niliichukia. Ile speed niliyoahidiwa sikuiona.

Kumbe nilikuwa nachomeka waya wa kuchajia simu. Nilipoweka waya mfupi uliokuja nayo, mambo yakabadilika. Footage ya 4K nikawa nai-edit humo humo kwenye drive bila kuihamishia kwenye laptop, na haikwami.

Kasoro ipo. Ukimwaga mafaili makubwa mfululizo inapata joto na speed inashuka. Haisimami, ila inachoka.

Sasa nije kwenye kisa.

Nilipata harusi Koboko, kaskazini ya Arua karibu na mpaka wa Sudan Kusini, nyumbani kwa baba wa bibi harusi. Bibi harusi ni Rehema, lakini aliyemlea ni nyanya yake, kule Oli, Arua. Wote tunamwita Habuba. Habuba alikuwa amevunjika nyonga, gari haliwezi. Simu nayo haimsaidii, macho yake yanataka TV.

Rehema alinishika mkono wakati anapakwa hina.

"Dada, kesho mimi naenda Juba na bwana yangu. Sipiti Arua. Habuba lazima aone leo."

Nikamwambia ataona. Maneno rahisi sana kutoka mdomoni.

Nikarekodi nikah, nikaingia kwa akina mama. Katikati ya ngoma memory card zikajaa. Nikamwaga kila kitu kwenye SSD, nikahakikisha mafaili yanafunguka, nikafuta card, nikaendelea. Mwisho wa ngoma nikamwaga tena. Hizo card zilikuwa za kuazima, mwenyewe alizisubiri pale pale akaondoka nazo. Kwa hiyo harusi yote ikawa kwenye kile kipande kimoja. Najua mtanisema, lakini ngoma haisubiri mtu.

Nikapanda gari la Arua na Mama Zubeda, shangazi yake Rehema. Nili-edit njia nzima, laptop mapajani, SSD ikining'inia kwenye waya. Tunaingia mjini, video fupi ya Habuba iko tayari, nimei-save humo humo.

Mvua ilikuwa ndiyo imekatika. Tukachukua boda mbili kuelekea Oli.

Kwenye mteremko wa kushukia mtoni, boda yangu ikateleza. Hatukuumia. Laptop nilikuwa nimeikumbatia, ila begi lilifunguka na SSD ikaruka dimbwini. Kabla sijainama, boda ya Mama Zubeda ikapita juu yake.

Nikakaa palepale kwenye tope.

"Sista, kitu gani ilianguka?" dereva wangu akauliza.

"Harusi."

"Harusi iko ndani ya maji?"

Nikamwonyesha dimbwi. Akakunja suruali, akapapasa hadi akaitoa. Ilikuwa donge la matope tu.

Mama Zubeda akaniuliza taratibu, "Sasa tutamwambia mama yangu nini?"

Nikaiosha kwa maji safi nyumba ya jirani wa Habuba, nikaipangusa, nikaikung'uta. Sikuthubutu kuichomeka na unyevu. Tulikaa barazani kwa Habuba nikiipulizia tundu la waya kama napuliza jiko la mkaa, na yeye chumbani anauliza mbona hatuingii.

Tundu lilipokauka nikavuta pumzi, nikachomeka.

Taa ikawaka. Folder zote zipo. Nikafungua moja moja, hakuna hata faili moja lililoharibika.

Tukaingia chumbani, tukaunganisha laptop na TV mbele ya kitanda chake. Habuba akatazama mpaka ilipofika hina.

"Rudisha kidogo. Mimi nataka ona mkono yake."

Nikarudisha. Akaomba tena. Nikarudisha tena.

Mama Zubeda akampigia Rehema. Habuba akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mimi naona wewe, mwanangu. Mimi naona yote. Sasa enda."

Kisha, amelala vilevile, akapiga kigelegele. Majirani waliojaa mlangoni wakakipokea, nyumba ikageuka ya harusi.

Nilichojifunza: kwa kazi zetu za barabarani, rugged SSD si mapambo. Tumia waya wake, na ikilowa iache ikauke kabisa. Lakini ganda la mpira halizuii mwizi wala kupotea, kwa hiyo sasa natembea na mbili, kila moja begi lake.

Wenzangu wa video na picha, ninyi mnazitunzaje kazi zenu mkiwa njiani? Na kama kuna aliyepata dawa ya lile joto, anisaidie hapa chini.