Michembe ya Mwamba Mmoja

Mwezi wa sita ukiingia, mwamba wa kijijini kwetu hauonekani tena rangi yake. Unakuwa mweupe kwa michembe. Sisi wa huku nje ya Tinde tukishachimba viazi vitamu tunaviacha vinyauke kidogo, tunavimenya, tunavikata vipande na kuvianika juu ya jiwe mpaka vilie kama vigae. Hiyo ndiyo michembe, na ndiyo inayotuvusha mpaka mavuno mengine. Asiyekuwa nayo ndani, ikifika Januari atajijua mwenyewe.

Mwamba ni mmoja, nyumba ni nyingi. Kwa hiyo kila nyumba ina eneo lake, na mpaka tunauchora kwa mkaa. Watoto ndio walinzi. Wanageuza vipande, wanafukuza mbuzi na kunguru, na wanakula vile vilivyokauka nusu, maana hapo ndipo utamu ulipo, nawe ukiuliza utaambiwa ni kunguru. Ule mpaka wa mkaa, lakini, usiuchezee. Jirani yangu, mwanamke mwenye shamba kubwa kuliko sote na mdomo wa kulilinda, aliwahi kuokota kipande changu kilichoingia kwake akakirusha kama mtu anayetoa jongoo ndani. Nami nikatafuta chake nikarusha. Hasira zangu haziko mbali, wanaonijua wanajua.

Mwaka juzi eneo langu lilikuwa dogo la kutia aibu. Nililima peke yangu, nikachelewa kupanda, nikavuna viazi vya kuokoteza. Nilivikata vyembamba mno ili vionekane vingi, najidanganya mchana kweupe. Nina watoto watatu. Kila jioni nikiutazama ule weupe wangu kidogo nilijua kabisa kwamba hautatufikisha hata Krismasi, na ukiharibika huo, ndio basi.

Siku ya mnada karibu wanawake wote tulishuka Tinde. Tukiwa njiani kurudi, mbingu ikafunga. Mvua mwezi wa saba, nani alisikia? Tulidhani ni wingu la kupita tu, kumbe ilikuwa mvua yenyewe, ya kumwaga. Tukavua kandambili tukakimbia, na hakuna aliyemsubiri mwenzake. Michembe ikinyeshewa haina dawa. Inaota ukungu, unaitupa.

Tulipofika, mwamba ulikuwa mweusi unang'aa. Hakuna hata kipande. Hata mistari ya mkaa ilikuwa imefutika. Nilikaa chini palepale kwenye tope nikalia, na sikuona haya, kwa sababu nilikuwa nawaona wanangu wakiwa na njaa kama vile imeshaanza.

Ndipo tukasikia sauti za watoto kutoka kanisani. Kanisa letu ni dogo, la matofali ya kuchoma, liko chini tu ya mwamba. Jirani yangu akasukuma mlango, sote tukaingia nyuma yake.

Michembe yote ya kijiji ilikuwa mle ndani, juu ya mabenchi, mikavu, lundo kwa lundo. Wavulana walikuwa vifua wazi, maana mashati ndiyo waliyobebea. Wasichana walikuwa wamefungua kanga za mama zao. Katoto kamoja, hata kuongea hakajakaa sawa, kalikuwa kamekumbatia vipande vichache kifuani na kanakataa kuviachia. Walituamkia, shikamoo kwa pamoja, kama tumewakuta wanacheza. Nimeona mengi maishani, lakini lile sikuwahi kuliona. Mungu si Athumani, nilisema, nikarudia tena.

Lakini binadamu ni binadamu. Jirani yangu alitia mkono kwenye lundo lililokuwa karibu, akakuta vinene na vyembamba vimechanganyika. Vya kwake huwa vinene. Akaanza kuvichagua. Wengine nao wakainama kutafuta vyao, nami nikajua, kila mtu akichukua alichokilima, mimi nitaondoka na vya kujaza upande mmoja wa kanga tu.

Binti yake, aliyekuwa darasa la tano, akamzuia kwa adabu.

"Mama, tumeshagawa. Kila benchi ni nyumba."

Hawakuwa wameangalia nani alilima. Waliangalia nani anakula. Na wanajua, maana wanashinda wakila nyumba hii na ile. Bibi asiye na meno walimpa kidogo, nyumba yenye mapacha wakaijaza. Benchi langu lilikuwa na lundo ambalo sijawahi kuwa nalo hata mwaka wa neema. Nikaona niseme ukweli kabla hajausema mwingine. Nikamwambia yule binti kuwa wamekosea, sisi tuko wanne, na hili ni la watu watano.

"Na baba yao, mama mdogo? Akirudi atakula nini?"

Baba yao alikwenda Geita kwenye mashimo ya dhahabu, na simu yake ilikuwa haipatikani kwa miezi. Watu wazima walikuwa wameacha kuniuliza habari zake, kwa huruma. Mimi mwenyewe nikipika nilikuwa simhesabu tena. Kumbe watoto walikuwa wanamhesabu.

Wote tulimtazama jirani yangu, kwa sababu kilichoongezwa kwangu kilitoka kwake, na hilo halikuhitaji kuelezwa. Nilijiandaa kwa vita. Yeye akaketi, akajifuta uso kwa kanga iliyolowa, akamtazama binti yake.

"Tungegawa sisi," akasema, "tungegombana mpaka ioze."

Akanyanyuka, akachukua gunia, akaanza kunijazia mwenyewe, akitanguliza vipande vinene.