Kazi Kama Darizi

Kila asubuhi, chai ikichemka, Shangazi huitafsiri redio. Mtangazaji akisema bei ya saruji imepanda, naye husema hivyo hivyo kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, akikoroga sukari. Hata matangazo ya sabuni hayaachi.

"Mama watoto," mumewe humwambia akitafuta soksi, "na hiyo sufuria, imesemaje?"

"Imesema soksi zako ziko chini ya kiti, ulipozitupa jana."

Shangazi ni mkalimani wa hospitali. Hospitali yao hupokea madaktari wageni wanaokaa majuma machache na kuondoka, na wasiojua Kiingereza huongea nao kupitia kwake. Kazi hiyo ina kanuni: fuata mpangilio wa msemaji, usiongeze, usipunguze.

Juzi aliletwa fundi cherehani aliyechanwa kiganja cha kulia na kioo cha dirisha. Daktari mgeni aliingia naye chumba cha upasuaji asubuhi. Mke wa fundi alikaa na mama mkwe wake kwenye benchi la kijani karibu na ngazi. Kwamba mgonjwa ataishi, walishaambiwa. Mke alikuwa na swali moja tu, na alimuuliza kila muuguzi aliyepita: "Atashika mkasi tena?"

Alasiri daktari akatoka, kofia imemwachia alama kwenye paji la uso. Akaanza kueleza, na sentensi yake ya kwanza ilibeba neno moja zito: intricate.

Shangazi analijua. Wenye lugha yao hulitumia kwa saa iliyofunguliwa mgongo, kwa mlango uliochongwa maua, kwa hadithi yenye njama ndani ya njama, hata kwa sheria za kodi. Ni kitu chenye sehemu nyingi ndogo zilizoshikana, na mara nyingi anayelitamka anasifu. Kamusi husema "tata". Lakini mwambie mtu kwamba upasuaji wa mumewe ulikuwa tata, uone atakavyokutazama. "Mgumu" je? Afadhali hata hilo la kwanza. Shangazi akanyamaza, akitafuta.

Mkalimani akinyamaza, walio kwenye benchi hawadhani kwamba anatafuta neno.

"Dada, mbona kimya?" Mke alikuwa ameshasimama. "Wameukata? Niambie tu. Wameukata mkono!"

Mama mkwe akaangua kilio. Daktari, asiyeelewa kilichotokea, akaendelea na sentensi ya pili, ya tatu, kuhusu mazoezi ya miezi kadhaa, taratibu kabisa. Habari yenyewe alikuwa ameiweka mwisho. Shangazi akainua kiganja kumsimamisha na kumuuliza swali ambalo si lake kuuliza: atashika mkasi?

Daktari hakujibu kwa maneno. Alinyoosha vidole viwili hewani, akavifungua na kuvifunga, kri, kri, kama anakata kitambaa.

Hapo hapakuwa na cha kutafsiri. Mke aliketi kwa kishindo hadi benchi likalia.

"Dada, umenizeesha!"

"Nisamehe, mdogo wangu. Mkono upo. Atafanya mazoezi miezi kadhaa, lakini mkasi atashika." Kisha neno likaja lenyewe. "Na anasema ilikuwa kazi kama darizi. Nyuzi nyingi, nyembamba, kila moja na mahali pake."

"Darizi naijua," mke alisema akijifuta machozi kwa kiganja. "Ukikosea uzi mmoja unafumua wote."

"Hakukosea."

Mama mkwe akapenga kamasi. "Mwulize basi, mwanangu, kama na magauni anashona. Wateja wa fundi wetu wanasubiri."

Hilo Shangazi alilitafsiri neno kwa neno, na daktari akacheka hadi akaegemea ukuta.

Aliponisimulia alikuwa anakunja nguo zilizokauka, akirudia ile kri, kri kwa vidole vyake. Nikamuuliza, siku nyingine akikwama kwenye neno mbele ya watu kama wale, atafanyaje.

"Nitawaambia kwanza kama mtu wao yuko salama," alisema. "Neno nitalitafuta baadaye."