Kumkumbatia Mama Mkwe

Mnisamehe mwandiko huu na makosa yake. Shule niliishia darasa la nane.

Riwaya ya familia moja ya Ukambani iligeuzwa kuwa filamu, nami nikapewa nafasi ya mkwe. Tuliigizia kwenye shamba la mtu huko Loresho. Kitabuni, mkwe akikutana na mama mkwe njiani, huacha njia na kuinamisha uso, kama tunavyofanya kwetu; kumgusa ni mwiko. Mwelekezi akasema hilo halitawagusa watazamaji. "Mkumbatie, buda. Huyo ni mamako sasa."

Mama aliyeigiza kama mama mkwe ni Mkamba pia. Akaninong'oneza, "Funga macho, mwanangu, tumalize twende nyumbani." Mimi huogopa kubishana mbele za watu. Nikamkumbatia.

Juzi filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa kanisa, Kabiria. Picha ilipofika hapo, mama yangu alijifunika uso kwa leso. "Na huyo atapewa msichana na nani?" mwanamke mmoja akauliza, wakacheka.

Tangu hapo mama hunipakulia chakula bila neno. Nataka kumweleza, sijui nianzie wapi. Wewe ungemwambia nini? Niandikie, hata mstari mmoja.