Jibu la Simu ya Wanjiru

Asubuhi ile mto ulikuwa umepungua, na wafugaji Waorma walikuwa wakivusha ng'ombe pale Garsen. Posta yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati. Mkuu wake alikuwa Bwana Athmani, mtu wa Kipini. Mimi, Mpokomo wa Wenje, nilikuwa karani wake.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Juu mtoni palikuwa na kambi ya mahabusu walioletwa kutoka bara. Afisa wa serikali alikuwa ameamuru apelekewe yeye kwanza kila simu ya maandishi iliyoitaja kambi. Bwana Athmani alimjibu kwamba simu ni amana ya watu wawili: aliyeipeleka na anayepelekewa.

Mchana akaingia mwanamke wa Kikuyu, Wanjiru, vumbi mpaka kwenye kope. Mumewe alikuwa kambini, amepigwa, anakojoa damu. Alitaka wakili aliyeko Mombasa aje. Bwana Athmani aliigonga simu ile kwenye mashine herufi kwa herufi, hakumwomba mtu ruhusa.

Kesho yake askari walikuja na bunduki.

Walimtoa kitini. Hakushindana nao. Alivua kofia ya kazi, akaiweka mezani.

"Komora," akaniambia, "mashine usiiache peke yake."

Afisa akanionyesha kiti. "Sasa wewe mkubwa hapa. Simu yote lete kwangu."

Alasiri jibu likaja. Niliandika kwa mkono wangu: NAKUJA. NIPE JINA LA KAMBI NA NAMBA YA MUMEO.

Askari alikuwa mlangoni. Nilikuwa na mke na watoto watatu.

Nikampelekea afisa karatasi ile. Akaisoma, akaitia mfukoni.

Wanjiru alikuja kila asubuhi.

"Karani, jibu imekuja?"

"Bado, mama."

"Basi nitangoja."

Siku ya tano dereva wa lori la kambi alimwambia kwamba mumewe amefariki usiku uliopita. Wanjiru alikuja kuniaga. Alinishukuru kwa kumvumilia.

Bwana Athmani aliachiwa baada ya miezi mingi, bila kazi, akaenda kulima mpunga Ozi. Nilimfuata huko nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama herufi zote alizozigonga siku ile zilifika sawasawa. Nikasema zote. Akainama, akaendelea kupalilia.

Sasa nimezeeka. Sijui kama wakili angewahi. Ninachojua ni kwamba siku nne zile yule mtu alikuwa hai, na mkewe alisimama mbele yangu kila asubuhi.