Mpira Mwekundu wa Kona

Chaki yangu huibeba mfukoni, si kwenye mkoba wa fimbo, kwa sababu mkoba huwekwa chini na watu hupita. Maji ya kunywa natoka nayo nyumbani Kangemi. Mke wangu hunicheka, anasema naenda kucheza snuka kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi mahakamani. Acha acheke. Yeye hakujifunzia mchezo Riruta, kwenye vyumba vya pool ambako mwenzako akikohoa wakati umeinama kupiga, unajua vizuri kwamba si kifua kinachomsumbua. Huko nilijifunza kupiga mpira, na nikajifunza kutomwamini mtu anayesimama upande wa pili wa meza. Somo hili la pili ndilo lililoniingia zaidi.

Ni miaka kumi na mmoja sasa tangu niitwe mchezaji wa kulipwa. Orodha ya wachezaji wa taifa ikitoka, naanza kutafuta jina langu kutoka chini, na huwa silitafuti kwa muda mrefu. Riziki yangu hasa iko kwenye klabu moja katikati ya jiji, juu ya duka la vitambaa. Asubuhi nabadilisha ncha za fimbo za wenyewe, na saa ya chakula cha mchana nafundisha watu wa maofisi, ambao hulegeza tai zao na kupiga kitambaa cha meza badala ya mpira.

Kwa hiyo siku ile kwenye klabu ya mtaa wa Karen ilikuwa kubwa kwangu. Ilikuwa mechi ya mwisho ya mchujo: mshindi aingie timu ya taifa na kwenda kucheza nje ya nchi, aliyeshindwa arudi kwenye ncha za fimbo. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka nafasi ile. Mpinzani wangu alikuwa mzee mstaafu, mwanachama wa klabu hiyo hiyo tuliyochezea. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaniuliza kama nimepata chai. Machale yakanicheza. Nikamwambia nimeshakunywa, na wala sikuwa nimekunywa.

Tulikwenda sare hadi fremu ya tano, ambayo ndiyo raundi ya mwisho. Mzee alikuwa mbele kidogo, na mezani kulibaki mipira myekundu mitatu. Akainama apige mmoja uliokaa karibu na shimo la kona, kazi rahisi kabisa. Kisha akainuka bila kupiga.

"Nimegusa pink na sleeve," akamwambia refa. "Hiyo ni foul."

Refa hakuwa ameona. Mimi niliyemkazia macho tangu asubuhi sikuwa nimeona. Nikapewa pointi sita, thamani ya mpira huo wa waridi.

Kwenye snuka mchezaji hujitaja mwenyewe akikosea, kisha mwenzake anachagua: acheze yeye mipira ilivyo, au amrudishie aliyekosea apige tena. Desturi hiyo naijua, naifundisha kila wiki. Lakini sikuwahi kumwona mtu akijishtaki wakati mechi iko mkononi mwake. Nikaizunguka meza. Mpira mweupe ulikuwa umekaa vizuri, mwekundu uko wazi, na hakuna kilichouzuia. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Huyu, nikawaza, anaijua meza hii kama sebule yake, halafu aniachie mpira kama huu? Lazima shimo lile lina walakini. Pengine kitambaa pale kimelegea na mpira hupinda. Anataka nikose, nimwachie meza nzima.

"Acheze yeye," nikasema.

"Uko sure?" refa akaniuliza.

Hata swali hilo nililishuku. "Acheze."

Mzee alinitazama kidogo, akakunja mikono ya sweta hadi kwenye viwiko, akainama. Mwekundu ukaingia bila kugusa ukingo. Ukafuata mweusi, kisha mwekundu mwingine, na mimi nimekaa kitini, fimbo katikati ya magoti. Nilijaa hasira, na wakati huo niliamini kwamba nimemkasirikia yeye.

Ilipokwisha tulipeana mikono. Hakuuachia wangu mara moja.

"Kijana, ile red mbona hukucheza?"

"Niliona haitaingia, mzee. Nilidhani hiyo shimo iko na shida."

"Shida gani? Si wewe mwenyewe umeingiza ball hapo leo, na si mara moja."

Nikakumbuka. Mweusi wa fremu ya pili ulikuwa umeingia pale pale. Wa waridi wa fremu ya nne pia, tena kwa mbali. Aibu ikanipanda hadi masikioni. Hakuna aliyeninyang'anya ile nafasi. Nilikuwa nimemkabidhi mzee mimi mwenyewe, refa akishuhudia.

Nikamshukuru mzee, nikabeba vitu vyangu nikaelekea mlangoni. Kabla sijafika nje nilikuwa nimeshaanza kujiuliza amenieleza yale kwa nini, na anataka nini kwangu.