Kh ya Thabit

Kila alasiri Marhoon alivaa vipokea sauti vya masikioni katika ofisi moja ya Waingereza hapo Muskati, akaandika yote yaliyosemwa na redio ya Peking kwa Kiswahili. Ilikuwa mwaka 1968. Wachina waliwapa silaha waasi wa Dhofar, Waingereza walimlinda Sultani, na wakubwa hao wakipigana vijembe hewani kwa lugha ya kwao Marhoon, Unguja, kama wake wenza. Marhoon, aliyekuja na wakimbizi wa mapinduzi ya 1964, matusi alishayazoea.

Siku moja msomaji mpya alianza: "Zifuatazo ni khabari."

Kalamu ikamponyoka. Wasomaji wote wa huko walisema "habari." Kh ile ya kukwaruza koo, yenye pumzi ndogo mbele yake, ilikuwa ya mdogo wake Thabit, aliyekwenda China kusoma. Na barua iliyotoka huko ilisema Thabit amekufa. Khitma yake walishaisoma, ubani Marhoon aliufukiza mwenyewe. Sasa maiti anasoma mapigano ya jana!

"Huyu msomaji mpya mtu wa wapi?" Mzungu, mkubwa wake wa kazi, aliuliza.

"Wa bara, bwana."

Uongo huo aliushikilia wiki tatu. Nyumbani mama yao, Bi Mahfoudha, hakudanganyika.

"Mwanangu, nnakuona huli. Una nini?"

"Sina kitu, mama."

Angemwambiaje? Kama si Thabit, mama angemzika mwana yule yule mara mbili. Lazima kwanza ajue, na wa kumuuliza alikuwa mmoja tu. Basi akamwendea Mzungu, akamtajia jina.

"Ni ndugu yangu. Nnaomba uniulizie kama yu hai."

"Umemjuaje?"

"Kwa kh yake."

Mzungu akaliandika na hilo, akafunga faili.

Jumatatu iliyofuata Marhoon alivaa vipokea sauti mapema. Pumzi ile ndogo ikampita sikioni, karibu mno, kama mtu aliyeinama begani kwake. Ikasita. Kisha sauti ile ile ikasema:

"Zifuatazo ni habari."

Aliingojea kh mpaka taarifa ikaisha. Haikuja; Thabit ameshaambiwa kwamba amejulikana kwayo, ameificha. Jina lilikuwa limefika Peking kabla jibu halijafika Muskati. Thabit yu hai, na anajua ni nani aliyemtaja. Marhoon aliogopa, akaona haya, akalia pale pale mezani.

Jioni mama alimuuliza tena ana nini.

"Sina kitu, mama," alisema, na safari hii ilikuwa kweli: hata ile kh hakuwa nayo tena.